Rangi ya nje inabanduka kila baridi ikiisha. Kosa ni la rangi, la ukuta au la fundi?

#1 Kipepeo Mweupe

Salaam wakuu.

Nyumba yetu imepigwa mbao kwa nje. Huku baridi ikikolea kipimajoto kinashuka hadi nyuzi 25 chini ya sifuri, na theluji inaegemea ukuta miezi mitatu minne mfululizo. Mwaka juzi majira ya joto tulipaka upya nyumba nzima: praima (koti la chini la kushikisha rangi), kisha akriliki ya maji koti mbili. Baridi ya kwanza ilipita salama. Baridi hii, theluji ilipoanza kuyeyuka, ukuta wa kusini umeota malengelenge, na wa kaskazini, chini ya dirisha la bafu, rangi inatoka vipande vya ukubwa wa kiganja. Mashariki na magharibi pako safi kabisa.

Mtazamo wangu ni kwamba baridi ndiyo inayoua rangi. Inasinyaa, inakakamaa, inapasuka. Nataka kujua kama kuna rangi inayostahimili hali hii, au kitu cha kupaka juu yake kabla ya baridi kuingia ili kuikinga.

#2 Nyundo Tatu

Ngoja waje wajuzi. Nimekaa siti ya mbele.

#3 Fundi Mkongwe

Mkuu Kipepeo, baridi kavu haibandui rangi. Kinachobandua ni maji. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na yakiwa yamejificha kati ya ubao na rangi hayana pa kwenda ila kuisukuma rangi nje. Jua likitoka yanayeyuka, usiku yanaganda tena. Mzunguko huo ukijirudia mara nyingi, hakuna gundi itakayoshika.

Swali la maana ni maji hayo yameingilia wapi, na umeshalijibu nusu ulipotaja dirisha la bafu. Ndani kuna joto na mvuke, nje kumeganda. Mvuke hupenya kwenye bodi za jipsamu za ukuta wa ndani, kwenye matundu ya soketi na pembezoni mwa fremu, unakwenda kukutana na ubao wa baridi na kugeuka maji nyuma ya rangi yako. Ndiyo maana kuta za bafu, jiko na chumba cha kufulia hutangulia kuharibika.

Fanya hivi. Chukua kisu kikali, pasua lengelenge moja, kisha ligeuze lile ganda utazame mgongo wake. Likiwa limeng'oka na nyuzi za mbao, au ubao wenyewe umebaki mtupu na umelowa, maji yametokea nyuma. Mgongo ukiwa hauna mbao na ubaoni kumebaki rangi ya zamani, basi koti jipya halikuishika ile ya chini. Hayo ni magonjwa mawili na dawa zake ni mbili. Fanya pande zote mbili za nyumba ulete majibu.

#4 Pazia la Bluu

Nakubaliana na Fundi kuhusu kaskazini. Ila kusini je? Bafu haliko huko.

Kwa wanaoishi kaskazini mwa ikweta, ukuta wa kusini ndio unaoteseka kuliko zote wakati wa baridi. Jua la baridi hupita chini, kwa hiyo linaupiga ukuta uso kwa uso. Hewa inaweza kuwa nyuzi 8 chini ya sifuri, lakini ubao wenye rangi iliyokolea, ukipigwa na jua la mchana, unapanda juu ya sifuri na kuyeyusha barafu iliyoushika. Jua likizama, kila kitu kinaganda upya. Ukuta wa kaskazini unaganda mara moja na kubaki hivyo majuma kadhaa. Wa kusini unaweza kuganda na kuyeyuka kila siku.

Kuna pia miale ya jua ya urujuanimno. Theluji mpya inarudisha asilimia 80 au zaidi ya miale hiyo, kwa hiyo ukuta unapigwa kutoka juu na kutoka chini. Ndiyo inayovunja gundi iliyomo ndani ya rangi. Pitisha kidole kwenye rangi ya zamani upande wa kusini: ukitoka na unga mweupe, gundi imekwisha.

Kipepeo, ukuta wako una rangi gani?

#5 Kipepeo Mweupe

Kijani iliyokolea, karibu na nyeusi.

Nimepasua kama alivyoelekeza Fundi. Kaskazini: mgongo wa ganda una nyuzi nyembamba za mbao, na ubao ukiubonyeza kwa kidole unahisi ubaridi wa maji. Kusini: ubao hauonekani kabisa. Chini ya kijani yetu kuna rangi ya krimu inayong'aa, ngumu, ina nyufa ndogondogo, na kijani imeachana nayo bila kubakiza hata alama. Aliyetuuzia nyumba hakutuambia ilipakwa nini zamani.

#6 Bi Kiraka

Hiyo krimu inayong'aa ni rangi ya mafuta, na kwa maelezo yako ni ya miaka mingi. Rangi ya mafuta inaendelea kukauka mwaka hadi mwaka kwa kuvuta hewa ya oksijeni, inazidi kuwa ngumu, mwisho haina tena mnyumbuko. Ubao chini yake unavimba ukipata unyevu na kusinyaa ukikauka, hasa kwa upana wake. Juu yake umeweka akriliki inayonyumbuka. Ile ya katikati ndiyo inayokatika. Na kama fundi hakuipiga msasa mpaka mng'ao ukaisha, praima haikupata mahali pa kung'ata.

Kuna jaribio jepesi la kufanya kabla ya kupaka juu ya rangi yoyote ya zamani. Chora alama ya X kwa wembe mpaka ufike kwenye ubao, bandika utepe wa karatasi wenye gundi juu yake, ibonyeze sawasawa, kisha ivute kwa nguvu mara moja. Ikiondoka na rangi, usipake kitu juu yake. Utakuwa unapaka juu ya kitu ambacho kimeshaamua kuondoka.

La muhimu kuliko yote: usianze kukwangua krimu hiyo kabla hujaipima risasi. Rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Marekani iliipiga marufuku kwenye rangi za majumbani mwaka 1978, nchi nyingine zilitangulia na nyingine zilichelewa. Vumbi lake linaharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Ikithibitika ipo, hakuna msasa mkavu, hakuna kuchoma kwa moto. Lowesha kwanza, tandika nailoni chini, vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, na watoto wasiwepo karibu.

#7 Mti Mkavu

Mchango wa Bi Kiraka ni mzito, asante.

Mimi nina hoja tofauti. Hakuna aliyeuliza fundi alipaka mwezi gani na saa ngapi. Akriliki za kawaida zinataka angalau nyuzi 10, na si hewa tu, bali ukuta wenyewe, na si mchana tu, bali hata usiku unaofuata. Rangi ya maji ina chembe ndogo za gundi zinazoelea, maji yakiondoka zinasogeleana na kuyeyukiana hadi kuwa ngozi moja. Kukiwa na baridi haziyeyukiani. Kwa macho utaona imekauka, lakini ndani ni chembe zilizorundikana tu. Siku hizi zipo zilizotengenezwa kuvumilia hadi karibu nyuzi 2, ila lazima iandikwe kwenye kopo.

Halafu kuna umande. Ukuta unatakiwa uwe na joto linalozidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikishuka hapo umande huanza kutokea, kwa nyuzi 3 hivi. Mafundi wengi wanapaka hadi jua linazama, na umande unaikuta rangi bado mbichi. Kukauka kwa kugusa ni saa chache, lakini kukomaa kabisa kunafika hata mwezi mzima.

#8 Kipepeo Mweupe

Majira ya joto nimeandika, lakini kweli upande wa kusini ndio uliomaliziwa mwisho na usiku ulikuwa umeanza kuwa wa baridi. Sikumbuki nyuzi ngapi.

#9 Simba wa Milimani

Wakuu mnazunguka. Tumia rangi ya mafuta nje, achana na hizi za maji. Mafuta hayagandi na hayapitishi maji. Wazee walijua.

#10 Bi Kiraka

Simba, hapo tutofautiane. Ni kweli rangi ya mafuta inaweza kupakwa kwenye baridi zaidi, nyuzi 4 au 5, ingawa hapo itachukua muda mrefu sana kukauka. Lakini huko kutopitisha maji unakokusifia ndiko tatizo kwenye nyumba yenye mvuke. Akriliki nzuri inazuia mvua huku ikiruhusu mvuke wa ndani upumue kiasi. Mafuta yakishakuwa tabaka nne tano yanafunga kabisa, mvuke unagonga ukuta na kubaki pale. Na ukakamavu wake nimeshaueleza. Hiyo krimu ya Kipepeo ni ya mafuta, na ndiyo iliyopasuka.

#11 Simba wa Milimani

Praima ya mafuta je? Hiyo hata mafundi wa sasa wanaitumia kwenye ubao mtupu.

#12 Bi Kiraka

Hiyo sawa kabisa. Kwenye mbao zinazotoa maji ya kahawia, kama mierezi, praima ya mafuta inazuia madoa vizuri. Mimi naongelea koti za juu.

#13 Gata la Chini

Habari zenu. Kipepeo, hujatuambia kuhusu paa. Wakati wa baridi, ukingoni mwa paa upande wa kusini kulikuwa na barafu nene inayoning'inia?

Nauliza kwa sababu hili watu hawalioni mpaka washike rangi mkononi. Joto la ndani likipanda darini linayeyusha theluji ya juu. Maji yanateremka hadi kwenye ukingo, ambako chini hakuna joto, yanaganda pale na kujenga ukuta wa barafu. Maji yanayofuata yanakosa njia, yanarudi nyuma chini ya vigae au mabati, yanaingia ndani ya ukuta na kushuka nyuma ya mbao. Utabadilisha rangi za kila aina na hazitasaidia, kwa sababu ukuta unanyweshwa kutoka juu.

Dawa ni kuziba matundu yote ya dari yanayopitisha hewa ya joto, kuongeza sufi ya kuhami joto, na kuacha hewa ya nje ipite darini ili paa libaki na baridi. Na gata zisafishwe majani kabla theluji haijaanguka.

#14 Kipepeo Mweupe

Ilikuwepo, tena ndefu kuliko mkono wangu, juu kabisa ya palipoota malengelenge. Watoto walikuwa wanaivunja kwa fimbo.

#15 Gata la Chini

Basi usiruhusu watoto wasimame chini yake. Kipande kimoja kikidondoka kinaua mtu. Na ujue huko kusini rangi si mtuhumiwa peke yake.

#16 Pazia la Bluu

Lakini Gata, kama maji yangekuwa yanashuka nyuma ya mbao, ganda la kusini lingetoka na nyuzi za mbao kama la kaskazini. Yeye anasema limetoka safi juu ya krimu. Maji ya nyuma yangeing'oa krimu pia.

#17 Gata la Chini

Si lazima. Ubao ukilowa unavimba, krimu iliyokakamaa inapasuka, maji yanapenya kwenye zile nyufa ndogo na kukaa kati ya krimu na kijani. Yakiganda hapo, kijani ndiyo inayotoka. Kasema mwenyewe krimu ina nyufa.

#18 Fundi Mkongwe

Na mvuke wa ndani unaweza kupita kwenye nyufa hizohizo.

#19 Nyundo Tatu

Fundi, hata mlango ukikwaruza utasema ni mvuke 😄

#20 Fundi Mkongwe

Mara nyingi ni mvuke kweli! Mlango unavimba kwa nini?

#21 Chokaa na Mchanga

Samahani kwa kuingiza la pembeni. Sisi tuna ukuta wa matofali uliopigwa lipu, hakuna mbao. Kila baridi lipu linamomonyoka pamoja na rangi, hasa nusu mita ya chini upande wa barabara. Mambo ni yaleyale?

#22 Mti Mkavu

Chanzo ni maji vilevile, lakini kwenu ongeza chumvi. Upande wa barabara unarushiwa theluji iliyochanganywa na chumvi ya kuyeyushia barafu. Chumvi inaingia kwenye vinyweleo vya lipu, inavuta unyevu, na ikikauka inajenga fuwele zinazosukuma kutoka ndani. Ukiona unga mweupe juu ya rangi, ndiyo hiyo.

Usipake zile rangi nene zinazovutika kama mpira ukidhani zitafunga ukuta. Zinafunga maji ndani, na baridi inapasua tofali lenyewe. Kwenye lipu au matofali ambayo hayajawahi kupakwa, tafuta rangi ya silikati. Adolf Wilhelm Keim aliipatia hataza huko Ujerumani mwaka 1878. Haikai juu kama ngozi, inaungana na madini ya ukuta na kuruhusu mvuke utoke. Ila juu ya akriliki ya zamani haishiki, na kwa mbao siyo yenyewe.

#23 Pazia la Bluu

Tukiwa kwenye rangi zinazopumua, nyumba nyingi za mbao nyekundu za Uswidi zimepakwa rangi iliyotokana na mgodi wa shaba wa Falun. Ni maji, unga wa nafaka ya rai, mafuta kidogo ya kitani, salfeti ya chuma, na udongo mwekundu wa mgodini. Vinapikwa. Mgodi ulifungwa mwaka 1992, lakini rangi bado inatengenezwa. Haijengi ngozi, kwa hiyo hakuna cha kubanduka. Inachakaa kwa kutoa unga, na ikififia unasugua kwa brashi ngumu na kupaka tena. Inataka ubao ambao haujarandwa na usio na rangi ya kisasa. Kwa Kipepeo ingekuwa lazima kuvua kila kitu hadi kwenye ubao, lakini kwa anayejenga upya kwenye baridi kali naona ni chaguo lenye akili kuliko yote yaliyotajwa hapa.

#24 Kipepeo Mweupe

Inavutia sana. Swali langu la mwanzo halijajibiwa: hakuna kitu cha uwazi, kama vanishi, cha kupaka juu ya rangi kabla ya baridi?

#25 Bi Kiraka

Hakuna, na ukipaka utaongeza tatizo. Miale inapita ndani ya vanishi, inaishambulia yenyewe na kilicho chini yake. Itapasuka na kubanduka kabla ya rangi, halafu kabla ya kupaka tena itabidi uikwangue yote.

Kinga ya kabla ya baridi ni kazi za mikono. Osha ukuta mapema vuli kwa brashi laini na maji ya sabuni. Usipige mashine ya presha karibu, inasukuma maji nyuma ya mbao na hayatakauka kabla ya kuganda. Ukiona madoa meusi, weka tone la dawa ya klorini: likififia ni kuvu, likibaki ni uchafu. Klorini usiichanganye kamwe na amonia, gesi yake ni sumu.

Kisha tembea polepole ukitazama ncha za mbao zilizokatwa, miguu ya fremu za milango, pembe za chini za madirisha. Ncha inafyonza maji haraka mno kuliko uso wa ubao, na ndiko mafundi wanakosahau praima. Ukiikuta imekuwa ya kijivu na nyufa nyembamba zimefunguka, lazima ikauke, ikwanguliwe, ipigwe praima hadi ishibe. Nyufa za pembeni mwa fremu ziba kwa kizibio kinachokubali rangi, si silikoni tupu, maana rangi haiishiki. Ila usizibe ule upenyo wa chini ambapo ubao mmoja unaulalia mwingine. Hapo ndipo maji yaliyoingia yanapotokea.

#26 Mti Mkavu

Niongeze theluji. Isirundikwe ukutani. Ubao wa chini unatakiwa uwe sentimita 15 au zaidi juu ya udongo, ila theluji ikishafika kwenye dirisha umbali huo hauna maana. Iondoe kwa koleo la plastiki, na usigonge barafu iliyoshikamana na ukuta. Rangi itatoka nayo.

Na makopo yaliyobaki yawekwe ndani. Rangi ya maji ikiganda na kuyeyuka mara kadhaa inakatika kuwa mabongemabonge, na kuikoroga hakuirudishi.

#27 Nyundo Tatu

Nimechukua notsi. Uzi umejaa madini huu.

#28 Kipepeo Mweupe

Wakuu, mrejesho. Leo nimepanda darini na tochi kufuatilia feni ya bafu. Bomba lake halijatoka nje. Limeishia palepale darini, juu ya sufi, na mbao za paa kuzunguka pale ni nyeusi kwa kuvu.

#29 Fundi Mkongwe

Mvuke!

Litoe nje leo hii, lipite ukutani au kwenye paa, na livikwe sufi ili lisitoe jasho njiani. Nunua na kipimo cha unyevu wa hewa. Kwenye baridi kali, ndani pabaki kati ya asilimia 30 na 40. Madirisha yakiwa yanatiririka maji asubuhi, umezidisha.

#30 Gata la Chini

Na huo ndio unaoyeyusha theluji ya paa. Hewa ya moto ya bafu inamwagika darini. Nilisema kuhusu barafu.

#31 Pazia la Bluu

Bafu liko kaskazini, barafu ndefu ilikuwa kusini. Hapo bado hamjanishawishi. Kusini ni jua, rangi iliyokolea na krimu ile. Akipaka rangi nyepesi safari ijayo ataona tofauti.

#32 Mti Mkavu

Au usiku wa baridi aliomalizia fundi. Hilo nalo halijaondolewa mezani.

#33 Kipepeo Mweupe

Nimewasoma wote, asanteni sana. Bomba linatolewa wiki hii, na kipande cha krimu nimekituma kupimwa risasi. Kaskazini nimekwangua palipolegea tu na ubao uko wazi. Je, niuache hivyo hadi majira ya joto au nipige praima mapema?

#34 Bi Kiraka

Usiuache hadi majira ya joto. Ubao mtupu ukipigwa na jua na mvua majuma matatu manne tu, uso wake unaanza kuharibika bila wewe kuona kwa macho na rangi haitaushika vizuri. Ila usipake kwenye ubao uliolowa pia. Azima kipimo cha unyevu wa mbao, subiri kishuke chini ya asilimia 15, ukuta ufike nyuzi 10 mchana na usiku usiwe wa kuganda. Ubao ukiwa umekaa wazi wiki kadhaa, piga msasa kidogo kwanza, futa vumbi, ndipo praima.

#35 Simba wa Milimani

Praima ya mafuta, Bi Kiraka?

#36 Bi Kiraka

Ya mafuta, Simba. Kwenye ubao mtupu tu.

#37 Chokaa na Mchanga

Na mimi wa lipu, rangi ya zamani nikiitoa, chumvi iliyoko ndani ya ukuta naiondoaje kabla ya kupaka silikati?